Ukoga Kwenye Majani ya Mkwe

Jumatatu, 3 Machi

Haya, umekuja! Wiki tano hujafungua daftari hili, wewe mwanamke. Wiki tano! Ulikuwa wapi? Usiniambie kazi zilikubana. Kazi gani, ya kukaa kwenye kochi na kuwasema watu wanaopita dirishani? Mwaka juzi ulipojua kuandika jina lako uliliandika nyumba nzima, hadi kwenye mvuke wa kioo cha bafuni. Leo kalamu imekuwa nzito kama mchi. Kaa chini. Andika. Hakuna atakayesoma hapa ila wewe mwenyewe, na nakujua vizuri — ukijiandikia uongo utauamini. Kwa hiyo andika kweli.

Mambo yenyewe ni haya. Mkwe amekwenda kazini mbali, anafunga majenereta makubwa, harudi hadi Jumamosi ya tarehe ishirini na tisa. Ameacha mke, ambaye ni binti yangu. Ameacha mtoto mmoja, Sisimizi, miaka tisa, mdogo kwa umbo na hatulii. Na ameacha tangi la samaki. Kwa maagizo aliyotoa mlangoni ungedhani tangi ndilo familia, na hao wengine ni wapangaji.

Limekaa sebuleni, nyuma ya mgongo wa binti yangu anaposhona. Kioo kitupu pande zote. Samaki kumi na mmoja, kila mmoja kama ukucha. Na mimea. Mimea hai! Si plastiki. Mwanamume mzima mwenye kitambi amelima bustani chini ya maji, na humo hupati hata jani moja la kutia sufuriani. Nimemwambia mara mia. Anacheka tu. "Mama, hii ni ya macho, si ya tumbo." Haya. Macho na yashibe.

Tangi amemkabidhi Sisimizi. Si mke, si mimi. Walipeana mikono kama wafanyabiashara: akirudi akute mimea iko hai na safi, mtoto anapewa tangi dogo lililoko juu ya kabati la jikoni, liwe lake, apande anachotaka. Tangu siku hiyo halimtoki mdomoni. Amelitafutia nafasi kando ya kitanda chake, amepima kwa rula, amechora mstari ukutani. Mama yake amempigia kelele kwa huo mstari. Mstari upo bado.

Leo katoka shule akaniita. "Bibi, njoo uone." Sauti ndogo, si yake. Majani yamepata vumbi la kahawia, kama fanicha ya nyumba isiyo na mwanamke.

"Uchafu tu huo," nikasema.

"Bibi, uchafu hauoti."

Mtoto ana mdomo huyu. Kautoa kwangu.

Jumatano, 5 Machi

Vumbi limeleta ndugu zake.

Nimekaa mbele ya tangi asubuhi nzima na miwani yangu, kama hakimu. Vumbi lenyewe halina neno, ukilipitishia kidole linaondoka, kama mgeni anayeaga ukimtazama vibaya. Lakini kwenye kioo, na kwenye ule mmea wa majani manene uliofungwa kwa uzi juu ya jiwe, kuna madoa ya kijani. Magumu! Nimekwangua kwa ukucha, ukucha ndio uliotoka. Kisha ule mmea laini kama unyoya umeota nywele. Nywele kabisa — nyuzi za kijani, ndefu, zimejisokota humo mpaka hujui wapi mmea unaishia. Na chini, juu ya mchanga, limejitandika shuka la kijani kibichi kinachokwenda kwenye bluu. Linateleza. Nimeliinua kwa uma, likaja zima zima kama utando wa maziwa. Likanuka! Sitaandika lilinuka kama nini, daftari ni jipya.

Hilo nimelipa jina la Kamasi.

Nywele nimezitoa kwa mswaki. Unautumbukiza, unauzungusha kama unasokota uzi, zinajiviringisha zenyewe. Mswaki ni wa mkwe, wa zamani. Kama haukuwa wa zamani, sasa ni wa zamani.

Samaki wananifuata kila ninapokwenda kwenye kioo, midomo wazi. Nani ataweza kuwakatalia? Mtoto huwapa asubuhi punje chache, kama anatia chumvi kwenye yai. Agizo la baba yake. Ubahili huo! Mimi nawaongezea kidogo mtu akitoka. Saa nne, saa saba, na jioni kidogo. Hakuna kiumbe kitakachokaa kwenye nyumba niliyomo mimi kikaona njaa.

Hata taa. Mkwe aliiwekea kile kisaa cha kwenye plagi, kiwashe kwa saa sita kwa siku kisha kizime. Saa sita! Na zilizobaki wakae gizani kama wezi? Kisaa chenyewe kilikuwa kimekalia soketi ninayochajia simu. Nilikitoa wiki ileile aliyoondoka, taa nikaichomeka moja kwa moja ukutani. Inawaka alfajiri hadi tunapokwenda kulala. Binti yangu hakuuliza nani kakitoa, inamsaidia kutunga uzi. Kila mtu anafaidi.

Jumamosi, 8 Machi

Jirani wa mlango wa pili kaja kuchukua gauni lake, hajalitupia macho hata mara moja, kaenda moja kwa moja kwenye tangi. Huyu mama anajua kila kitu. Alijua nitaumwa goti kabla ya goti. "Hayo ni magonjwa ya majani," kasema. "Toa, osha kwa maji ya chumvi. Mboga si tunaosha hivyo?"

Nikaona kasema la maana. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue — hapo ndipo nilipaswa kushtuka.

Binti yangu kapeleka nguo kwa mteja, Sisimizi kaenda naye. Nikakunja mikono. Nikang'oa yote. Ule unyoya, ile mirefu kama utepe, ile midogo ya mbele. Ule wa kwenye jiwe nikautoa na jiwe lake. Beseni mbili, chumvi viganja viwili, nikaosha kama ninavyoosha mboga tangu nina miaka sita: loweka, sugua jani kwa jani, suuza, kung'uta. Yakang'aa! Nikairudisha kila mmoja kwenye shimo lake. Sikukosea hata shimo moja, karibu.

Binti yangu karudi mapema, kakuta mabaki kwenye beseni. "Mama, hii mboga gani? Mbona nyembamba hivi?"

Nikamwambia ya jirani.

Si uongo sana.

Jumatatu, 10 Machi

Imeyeyuka.

Ule unyoya umekuwa supu. Utepe umekuwa karatasi iliyolowa, unauona upande wa pili. Midogo ya mbele inaelea juu, mizizi hewani, kama watoto waliokatazwa kuogelea. Uliobaki mzima ni ule wa majani manene kwenye jiwe. Huo hata ukiupiga teke hautajua.

Sisimizi kaingia na begi mgongoni. Hakulia. Afadhali angelia. Alitoa begi, akalilaza chini polepole, akasimama.

Mama yake ndiye aliyepasuka. Tangi linanuka, mteja wake mmoja kaziba pua, yeye alisema zamani ukuta ule ungefaa meza ya kukatia vitambaa. Akamgeukia mtoto: umekuwa ukimwaga chakula humo, naona makopo yanavyoisha! Kopo zima kwa mwezi! Baba yako akikuta hivi, lile tangi dogo lisahau. Na hili kubwa nalimwaga mimi mwenyewe.

Mtoto akasema, "Sawa, mama."

Mimi nilikuwa jikoni. Nilikuwa na kijiko mkononi, sijui cha nini, hapakuwa na kitu motoni. Neno la chakula nililisikia vizuri. Nilisema moyoni: nitamwambia baadaye, akishapoa. Binti yangu huyu namjua, ana moto usiopoa haraka. Kautoa kwangu.

Jumanne, 11 Machi

Nimempeleka Sisimizi kwa muuza samaki. Kijana mwembamba, miwani mikubwa kuliko uso, nimemwita Miwani na ameitika. Duka lake ni vioo kutoka sakafuni hadi dari, unapita ubavu kwa ubavu, goti langu halikufurahi. Tulibeba jani la ule mmea wa kwenye jiwe ndani ya chupa ya jamu.

Akalitazama kwenye mwanga. Akatoa siki kwenye kijichupa, akadondoshea ukingo wa jani, penye vishungi vyeusi ambavyo mimi nilidhani ni uzi wa mkwe uliochakaa. Tukasubiri. Vikageuka vyekundu!

"Ndevu nyeusi," kasema, kwa raha, kama kampata ndugu aliyepotea. "Mwani mbaya huu. Hautoki kwa kufuta."

Anaita yote mwani. Vumbi ni mwani, madoa ni mwani, nywele ni mwani. Kamasi tu ndiyo kasema si mwani hasa, ni vijidudu vinavyojifanya mwani. Nawajua watu wa hivyo. Kisha akaegemea meza, akamuuliza mtoto, si mimi:

"Taa mnawasha saa ngapi kwa siku?"

"Sita."

"Chakula?"

"Mara moja. Kidogo."

Akacheka. Hakucheka vibaya, lakini alicheka. "Haiwezekani, mdogo wangu. Mwani haushuki kutoka mbinguni. Unakula mwanga na mabaki ya chakula. Tangi lenye aina tano namna hii, taa inawaka mchana kutwa na watu wanamwaga chakula kama kwenye harusi." Akanigeukia mimi, kanikonyeza. "Watoto, bibi. Usimwamini, atakwambia mara moja."

Nilihisi kama mtu kanivua kilemba mbele ya watu.

Nikamfokea. Nikamwambia mjukuu wangu hasemi uongo, na yeye na miwani yake hiyo hajui mtoto wala bibi, auze samaki wake anyamaze. Duka zima liligeuka. Nilimtetea kwa sauti kubwa sana. Kila kitu nilisema, isipokuwa kile kimoja.

Sisimizi alinishika mkono njia nzima. Aliruka nyufa za barabarani, kama kawaida yake, ila hakuhesabu kwa sauti.

Jumatano, 12 Machi

Asubuhi nimerudisha kisaa kwenye plagi. Simu nachajia jikoni, karibu na birika.

Chakula — sijawapa cha mchana. Walikuja kwenye kioo wote kumi na mmoja. Nikawapa mgongo. Mimi! Niliwapa samaki mgongo na moyo ukanipiga.

Ni mimi. Haya, nimeandika. Taa ni mimi, chakula ni mimi, chumvi ni mimi. Kwenye karatasi si kazi ngumu.

Alhamisi, 13 Machi

Miwani alituandikia karatasi, herufi kubwa, kwa heshima ya macho yangu au kwa kuniogopa. Nimeisoma mwenyewe, mstari kwa mstari.

Kwanza Kamasi. Tumelinyonya kwa mpira mwembamba wa plastiki, maji yakishuka ndooni nalo linashuka nayo. Sisimizi kanyonya mwanzo wa mpira, kidogo alimeze, nikamcheka hadi machozi, naye kacheka. Mara ya kwanza tangu Jumatatu. Tukatoa theluthi ya maji, tukatia mapya yaliyokaa ndooni tangu jana, maana maji ya bomba yanatiwa dawa na samaki hawaipendi. Hata mimi siipendi, lakini mimi hakuna anayenilazia ndoo.

Kisha giza. Siku tatu kamili, bila taa, bila chakula, bila kuchungulia. Tumefunika tangi kwa shuka langu jeusi, tumebana kwa vibanio vya nguo.

"Hawatakufa njaa?" nimemuuliza mtoto.

"Karatasi imesema hawafi, bibi."

"Karatasi haijawahi kukosa chakula."

Kanitazama. Kaangalia pembeni.

Ijumaa, 14 Machi

Jirani kaingia, kaona kitu kirefu kimefunikwa jeusi sebuleni, katia mkono kifuani. "Poleni jamani, ni nani?"

Nikamwambia: ni ushauri wako. Tunazika Jumapili.

Jumapili, 16 Machi

Tumefunua. Kamasi imekwenda! Mchanga ni mchanga. Samaki wote kumi na mmoja, wembamba kidogo, wana hasira. Ule utepe uliobaki kisiki umepauka, lakini Sisimizi kaingiza pua karibu kioo kivunjike, akasema katikati kuna kijani. Mimi sijaona. Nimesema nimeona.

Binti yangu kapita na kitambaa begani. Kasimama. "Harufu imeisha," kasema. Hiyo kwake ni hotuba. Kisha akapima ukuta kwa macho, kama hajaacha ndoto ya meza.

Jumatano, 19 Machi

Siku ya Ndevu.

Hizi ndizo kichwa ngumu. Zimeng'ang'ania kingo za majani manene kama shemeji aliyekuja kwa siku mbili. Ukivuta, jani linakuja, ndevu zinabaki. Karatasi inasema majani yaliyojaa sana, kata, usiyaonee huruma. Nimekata manne kwa mkasi mdogo wa binti yangu. (Mkasi nimeufuta. Hatajua.) Yaliyobaki, tumetumia ile dawa ya duka la dawa, ya kusafishia vidonda, inayotoa povu. Unazima pampu maji yatulie. Unavuta dawa kwa bomba la sindano lisilo na sindano. Unadondoshea juu ya ndevu taratibu, karibu kabisa, unangoja dakika chache, unawasha pampu.

Mkono wangu unatetemeka siku hizi. Wa mtoto hautetemeki. Kwa hiyo nilimshikia jiwe, yeye akadondosha, ulimi umetoka pembeni kama baba yake anapofunga skrubu. Baba yake alikuwa na uso huohuo jioni zile za mwaka juzi, pale mezani jikoni, amenishika mkono anauongoza kwenye herufi. Ametoka kazini, mikono inanuka mafuta, hajala. "Tena, mama. Hiyo tumbo lake linatazama kulia." Nami namwambia tumbo lako ndilo linatazama kulia na kushoto. Hakuchoka. Watoto wangu mwenyewe walisema nimezeeka, haitaingia.

Sijawahi kumwambia asante. Nilimwambia mwandiko wake mbaya.

Vipovu vilipanda kwenye ndevu, vingi, kama soda.

Ijumaa, 21 Machi

Ndevu zimegeuka waridi! Waridi kabisa! Kama mzee aliyeoa msichana. Konokono wadogo wa mchangani, ambao sikuwahesabu na samaki, wameanza kuzila. Nimemwita kila mtu kutazama, hata aliyepita na mkokoteni nje nilimpungia, hakuja.

Jumapili, 23 Machi

Madoa kwenye kioo tumekwangua kwa kadi ya zamani ya simu. Kwenye majani hayatoki, basi, yakae, nami nina yangu usoni. Unyoya umekufa wote, hilo halina dawa. Kijiti kimoja tu, urefu wa kidole, Sisimizi alikuta kimekwama nyuma ya pampu, kimepona chumvi kwa sababu sikukiona. Kakifunga kwenye kijiwe. Kina ncha mpya.

Utepe una majani matatu mapya. Leo nimeyaona kweli.

Mkwe aliacha vichaka. Atakuta vijiti. Ni hai, ni safi, lakini yeye si kipofu.

Jumatano, 26 Machi

Kapiga simu jioni wakati tunakula. Binti yangu kaweka sauti kubwa, simu katikati ya sahani. Salamu, kazi, mvua. Kisha: "Na msimamizi wangu yuko wapi? Bustani inaendeleaje?"

Mtoto kaweka kijiko. Kaniangalia mimi — nusu ya kufumba jicho, basi — kisha kaangalia simu.

"Baba, mimea mingi imekufa. Niliwapa chakula kingi. Na taa niliacha."

Kule jenereta linanguruma.

"Kwa nini, mwanangu? Si tuliandika?"

"Nilisahau."

"Haya." Sauti ya mtu anayejilazimisha. "Haya. Tutaongea nikija." Kisha kauliza, "Mama yupo? Mama, hujambo?"

Mimi? Mimi nilisema sijambo. Nilisema safari njema. Nilisema ale vizuri. Mimi, ninayemsema mtu barabarani kwa kuvaa soksi mbaya, nikamuuliza tena habari za mvua.

Binti yangu kamwambia mtoto, angalau umesema ukweli. Kampa kipande chake cha nyama.

Nilikwenda kuosha vyombo ambavyo havikuwa vyangu kuosha.

Ijumaa, 28 Machi

Nimejaribu maneno jikoni. "Baba, nilikosea." Hapana. "Mkwe, kuna jambo." Kama nataka kumwambia nimeposwa. "Sikiliza wewe, nyumba hii haikuwa na mtu wa kuniambia samaki hawalishwi?" Hilo limetoka vizuri, lakini ndilo baya.

Kesho.

Jumamosi, 29 Machi

Asubuhi tumefanya usafi wa mwisho. Mtoto anakata ncha zilizokauka, mimi nashika beseni. Nikamwambia: leo akifika, mimi nitasema. Wewe ukae kimya.

"Usiseme, bibi."

"Kwa nini nisiseme?"

Mkasi uliendelea. "Nilikuona. Ile siku ya kwanza. Nilisahau daftari la hesabu nikarudi, ulikuwa unawapa na unaongea nao." Akakata jani. "Baba aliniambia bibi asiguse tangi, atawalisha mpaka wapasuke. Mimi nikakuacha. Kwa hiyo ni mimi pia."

"Ulijua kwa Miwani pale? Ulijua, ukaitwa mwongo?"

"Ukisema, Baba atakukataza kabisa kugusa. Sisi mchana hatupo. Mama anashona tu haongei. Utakuwa unaongea na nani?"

Mtoto wa miaka tisa! Ananihurumia mimi! Ameuza tangi lake ili mimi nipate samaki wa kupiga nao soga. Nilitaka kumkumbatia na kumchapa kwa wakati mmoja, mikono ilikuwa na maji, sikufanya lolote.

Amefika saa nane. Mizigo, jasho, kelele, binti yangu kacheka cheko ambalo silisikii akiwa peke yake. Kanisalimia kwa mikono miwili. Kaniletea kalamu, boksi zima, za wino wa bluu. "Mama, umeandika mengi?" Nimesema kidogo. Nimesema nakuja sasa hivi, nakwenda kuweka hizi ndani.

Nimekaa kitandani. Mlango hautoshei fremu, nasikia kila kitu.

Kainama kwenye tangi, magoti yake yamelia. Kasema huu wa kwenye jiwe umetibiwa vizuri, nani alikata hivi? Mtoto kasema mimi. Kasema na hizi ndevu zilikufa, nani alijua dawa? Mimi na bibi. Kasema, sasa mwanangu, tuzungumze lile jambo la chakula na taa. Njoo ukae hapa. Nieleze tangu mwanzo. Sitakupigia kelele, nataka kuelewa tu.

Kochi limelia. Mtoto kakaa.

Naandika haraka, herufi zinapandana. Kaanza. "Siku ya kwanza," anasema, "niliwapa kidogo, halafu nikaongeza—" Anatunga! Hajui hata kutunga, anasimama katikati, anatafuta neno—

Wewe. Ukifungua daftari hili tena, usianze na mimea. Usianze na hali ya hewa wala goti. Andika kwanza, mstari wa juu kabisa, ulisema nini ulipotoka kwenye mlango huu. Neno kwa neno. Na kama hukutoka, usiandike chochote — mpe mtoto boksi la kalamu, naye umwachie daftari alisome.